Huduma ya kutambua vyombo vya kale kwa picha: hodari wa mihuri, mzito wa udongo

Huduma ninayoitathmini hupokea picha za chombo cha kale cha mapambo, kisha humrudishia mwenyewe ripoti inayotaja kiwanda, mtindo na kipindi. Nimeitumia kwa vyombo vya aina mbalimbali, na ninaipendekeza kwa mwenye chombo kilichopigwa mhuri unaosomeka.

Chombo cha maua cha Rookwood, kiwanda kilichoanzishwa Cincinnati, Marekani, mwaka 1880, kilisomwa kwa ustadi wa hali ya juu. Ripoti ilieleza kwamba herufi R na P, ya kwanza ikiwa imegeuzwa, zilianza kutumika zikiwa zimeunganishwa mwaka 1886, kwamba kila mwaka uliofuata uliongezewa mwali mmoja wa moto hadi ikatimia miali 14 mwaka 1900, na kwamba tangu mwaka 1901 tarakimu za Kirumi ziliwekwa chini yake. Isitoshe, ilitenganisha namba ya umbo na herufi za mchoraji, jambo ambalo wauzaji wengi hulichanganya.

Kwa chombo cha kauri chenye panga mbili za buluu zilizopishana, mambo yalikuwa mengine. Ripoti ilitamka papo hapo kuwa ni cha Meissen, kiwanda cha kauri cha Ujerumani, ingawa alama hiyo imeigwa na viwanda vingi tangu karne ya 18. Haikugusia iwapo panga zilichorwa chini ya mpako unaong'aa au juu yake, wala haikutazama udongo usiopakwa kwenye kitako, ilhali picha zake nilizituma. Mhuri ni dai tu. Hata nchini China, wafinyanzi wa enzi ya Kangxi waliandika jina la enzi ya Chenghua, iliyowatangulia kwa karne mbili, mara nyingi kwa kuwaenzi watangulizi wao na si kwa hila.

Udhaifu huo ulionekana zaidi kwenye sahani isiyo na alama, ambayo iliitwa kauri ya China kwa sababu tu ina michoro ya buluu juu ya weupe. Ukingo wake uliobanduka ulionyesha udongo wa rangi ya manjano chini ya mpako mweupe wa bati, kama ilivyo kwa vyombo vya Delft, mji wa Uholanzi. Kauri halisi huwa nyeupe hadi ndani. Nilipouliza tena, mtaalamu mwingine alijibu kwa kina na kurekebisha ripoti, kwa hiyo ujuzi wanao. Anayetaka kuitumia aombe tangu mwanzo kwamba kitako na sehemu zilizobanduka zichunguzwe kabla ya mhuri.