Stika za alarm za CD na DVD za maktaba: ipi ununue, ipi uachane nayo

Wakutubi wenzangu wamenilalamikia ishu ile ile: wamebandika stika za alarm kwenye CD za kozi za lugha, wizi umepungua kweli, ila sasa CD zinarudi zinarukaruka na nyingine hazisomi kabisa. Muuzaji atakusimulia habari za geti la alarm la mlangoni na kelele zake mpaka uchoke, lakini stika inaifanyia nini diski yenyewe hagusi, na mimi ndo kitu cha kwanza naangalia.

Kwenye CD, ile alumini inayong'aa iko juu kabisa, chini tu ya maandishi, imefunikwa na vanishi nyembamba. Stika ikikaa vibaya ukaibandua, inatoka na alumini yake, inua CD kwenye taa utaona vitundu. DVD afadhali, data yake imebanwa katikati ya plastiki mbili. Halafu kuna mizani, maana stika ikikaa upande mmoja tu wa tundu, diski ikishika kasi inayumba, na kompyuta inaunguruma kama mashine ya kusaga.

Kwa hiyo namba moja ni Tattle-Tape, stika ya alarm ya sumaku, ile ya diski inayofunika uso mzima, na sifichi, naipendelea. Ilikuwa ya kampuni ya 3M kabla hawajauza biashara yao ya maktaba mwaka 2015, sasa iko kampuni ya Bibliotheca. Ni ya mviringo kwa hiyo uzito unakaa sawa. Mashine ya kuizima pale kaunta inatumia sumaku, haidhuru CD kwa sababu CD inasomwa kwa mwanga, ila kaseti za sumaku usizipitishe pale, zitaharibika. DVD yenye data pande zote mbili huna pa kuibandika, na redio za gari zile za kumeza CD waambie wasomaji wasijaribu kabisa.

Namba mbili, kava za kufuli zinazofunguliwa kwa sumaku pale kaunta. Diski haiguswi, safi sana, shida ni foleni ikiwa ndefu mtu anaondoka na kava bado imefungwa, kesho anarudi amenuna.

RFID, stika yenye chip inayosomwa kwa mawimbi ya redio, ile ya kipete katikati ya diski, naiweka ya tatu, maana alumini inaua mawimbi, na seti ya DVD nne zikirundikana geti linaweza lisilie.

Za bei chee: diski zikae kaunta, rafuni weka kava tupu. Basi.

Sasa hao wauzaji. Bei hawaandiki, ni "njoo inbox", ukienda inbox unaambiwa leta barua yenye mhuri ndo upewe proforma, proforma ikija ni ya boksi zima, na wewe una CD themanini tu! Mi siku hizi naomba kwanza stika moja ya sampuli, naibandika mbele yake kwenye CD iliyokufa, halafu namwambia aibandue yeye mwenyewe.