Uzoefu wangu na kipimo cha DNA cha kutafuta ndugu: swichi ya polisi nani kaiwasha?

Jamani nina hasira hata sijui nianzie wapi. Mi naishi Marekani, nikanunua kile kipimo cha DNA cha kutafuta ukoo, unatema mate kwenye kichupa unawatumia kwa posta, kampuni siitaji, na kwa kweli majibu yalikuja mazuri, yakanipatia binamu yuko Muscat, bibi yake na bibi yangu wote wa Unguja, sasa hivi tunapiga stori mpaka usiku wa manane. Hapo ningewapa nyota tano bila kusita.

Sasa juzi kati naingia kwenye setingi nibadilishe paswedi nakuta swichi imewashwa, polisi wanaruhusiwa kulinganisha DNA yangu na ya kesi zao. Imewashwa! Nani kaiwasha? Nawauliza kwenye chati, dada wa huduma kwa wateja ananijibu eti kama hujafanya kosa unaogopa nini. Yaani nimelipa hela yangu halafu najibiwa kama niko kaunta ya polisi. Namwambia haya mate sio yangu peke yangu, ni ya mama, ya wajomba, ya watoto wa shangazi ambao hata hawajui kama nyie mpo, akanibandikia linki ya masharti akafunga chati. Akafunga!

Msinielewe vibaya lakini. Yule Joseph DeAngelo wa California, aliyeua watu 13 na kubaka wengine kibao miaka ya 70 na 80, alikamatwa 2018 kwa njia hii hii, na yeye hakutema mate popote, waliopima ni ndugu zake wa mbali tu, wakachorewa mti wa ukoo ukaenda kutokea mlangoni kwake. Hapo sina neno, wale waliofiwa walisubiri mno, na mimi ningeombwa kistaarabu pengine ningeiwasha mwenyewe. Ila niombwe! Maana hata ukiizima usilale, GEDmatch, tovuti ambayo watu hupakia majibu yao ya DNA kutafuta ndugu, walidukuliwa 2020, setingi zikageuzwa, waliokataa polisi wakajikuta wako wazi kwa masaa kadhaa.

Basi nikaomba wafute kila kitu na kichupa wakitupe. Nilitaka niwape nyota mbili kwa ajili ya binamu, ila hapa hapa naandika imeingia imeili yao, hongera, tumekupatia ndugu wapya. Kumbe akaunti bado inapumua! Nyota moja.