Kompyuta inalia memori, fundi anapiga Windows: uzoefu wangu na duka moja la ufundi Tabora mjini

Nyota moja. Na hiyo moja si ya mwenye duka, ni ya kijana anayekaa meza ya nyuma. Nitamfikia.

Duka lenyewe liko upande wa sokoni, jina naliacha. Mashine iliyopelekwa pale ni ya nyumbani, Dell OptiPlex 780 ya mtumba yenye RAM (memori ya kufanyia kazi) ya 4GB, kazi yake ni kuandika, kuchapa na watoto kusomea. Kila ukifungua brauza na Word kwa pamoja inatokea «Your computer is low on memory», yaani memori inaishia, halafu programu zinaanza kujifunga. Ujumbe huo niliunakili neno kwa neno kwenye kikaratasi, maana kwenye matatizo ya memori ujumbe ndio nusu ya kazi. Fundi, mwenye duka mwenyewe, alikipokea kikaratasi, hakukitupia hata jicho, akakikunja na kukisokomeza chini ya mguu wa feni iliyokuwa inayumba. Akasema, «Mama, hayo ya kwenye skrini tuachie mafundi. Hii inapigwa Windows tu, inakuwa mpya.» Yaani kufuta vilivyomo na kuweka Windows upya.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu wengi mnalipia kitu hiki hiki.

Ujumbe wa memori hauna maana moja. Ule wa «low on memory» hausemi kwamba RAM imekufa. Windows inahesabu RAM yako pamoja na faili la akiba lililoko kwenye diski, linaloitwa pagefile.sys. Hivyo viwili vikijumlishwa ndio ukomo wa memori ambayo programu zote zinaweza kuahidiwa. Programu zikikaribia ukomo huo, ujumbe unatoka, hata kama RAM yenyewe bado ina nafasi. Sasa diski C ikijaa, faili la akiba haliwezi kukua. Na kama kuna mtu alilizima akidhani anaongeza kasi, ukomo unabaki RAM peke yake. Dawa yake inachukua dakika chache: kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, bonyeza Settings ya Performance, Advanced tena, halafu Change. Weka tiki pale juu ili Windows ijipangie yenyewe, kisha zima na kuwasha. Ukitaka kupanga kwa mkono kwa mashine ya 4GB, 6144MB inatosha, ila hakikisha diski ina nafasi hiyo na ziada.

Nafasi utaipata kwa cleanmgr, kisafisha diski cha Windows, ukichagua na mafaili ya mfumo. Kama Windows iliwahi kuwekwa juu ya nyingine, folda ya Windows.old peke yake inaweza kula gigabaiti nyingi. Mashine ya mezani isiyolazwa usingizi wa hibernate haina haja ya hiberfil.sys, faili la usingizi huo; fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /h off, faili linafutika. Halafu bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, uangalie ni programu gani inayovimba hata ukiiacha bila kuigusa. Mara nyingi ni brauza yenye kurasa nyingi.

Ugonjwa wa pili ni tofauti kabisa: «The memory could not be read» (memori imeshindwa kusomwa), skrini ya bluu yenye MEMORY_MANAGEMENT leo na PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA kesho, au mashine inayotoa mlio unaojirudia bila picha. Ukiuona ule wa «could not be read» kwenye programu moja tu kila mara, shuku programu hiyo kwanza. Ukirukaruka kutoka programu hadi programu, shuku RAM. Huku ndiko kwenye kupima vifaa.

Fundi anayesoma kikaratasi anajua aanzie wapi. Asiyekisoma anapiga Windows, kwa sababu kupiga Windows huonekana kumetibu yote: diski imekuwa tupu, faili la akiba limerudi, mteja anaondoka anatabasamu.

Mashine ilirudi ikiwa nyepesi kweli, nikiri hilo. Siku chache ikawa nzuri. Halafu ujumbe ule ule ukarudi, safari hii mapema kuliko mwanzo. Ukibonyeza kitufe cha Windows na Pause unaona sababu: RAM iliyopo 4GB, inayotumika 3 na ushee, na chini yake neno 32-bit. Amepiga Windows ya biti 32! Kabla ya hapo ilikuwa 64. Windows ya biti 32 kwenye mashine za nyumbani haivuki 4GB, na ndani ya hizo 4 inabidi iachie nafasi kwa ajili ya grafiki na vifaa vingine, kwa hiyo unabaki na 3 hadi 3.5. Mtu amelipa elfu ishirini na tano kupunguziwa memori kwenye mashine iliyokuwa inalalamika haina memori. Na hakuna njia ya kutoka 32 kwenda 64 bila kufuta na kupiga upya. Niliporudi kumwambia, jibu likawa kwamba mashine ya zamani ndivyo ilivyo, ninunue nyingine, na yeye anayo moja ya kuuza pale pale. Alisema akiendelea kuandika ujumbe kwenye simu yake.

Mashine si mbovu. Prosesa ya OptiPlex 780 inabeba biti 64 bila shida, na mazabodi (bodi kuu ya ndani) ina sloti nne za kuchomekea RAM ya aina ya DDR3.

Nikawa nimeamua kuandika «msiende kabisa». Lakini haki ni haki. Yule kijana wa meza ya nyuma aliitwa aongeze RAM, na kazi yake ilikuwa safi kuliko ya mafundi wengi niliowaona. Kiangazi cha Tabora mnakijua, vumbi linaingia hadi ndani ya kasha lililofungwa. Alichomoa waya wa umeme, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, akashika chuma cha kasha kabla ya kugusa chochote. Akafungua vishikizo vya pande zote mbili, akainyanyua RAM kwa kushika kingo. Meno ya dhahabu aliyasugua taratibu kwa raba nyeupe ya shule, akapangusa ungaunga wa raba kwa brashi kavu, halafu akapitisha kitambaa chenye spiriti na kuacha ikauke. Sloti akaipuliza kwa blowa ya baridi. Hakutumia msasa, na nimeshaona wanaotumia. Msasa unakwangua dhahabu na baada ya hapo kutu ni suala la muda. Wakati wa kurudisha alisukuma pande zote mbili hadi vishikizo vikajifunga vyenyewe kwa mlio. RAM isiyozama vizuri ndiyo chanzo cha mashine nyingi zinazosemwa zimekufa.

Halafu mwenye duka akamletea kipande cha 4GB kukiongeza, na mashine ikagoma kuwaka, taa za 1, 2, 3, 4 za mbele zikaonyesha hitilafu. Mwenye duka akasema sloti imeungua. Sloti haikuwa imeungua. Kipande kile kilikuwa na chipu nane tu, zote upande mmoja. Mazabodi za kizazi hicho hazisomi chipu zenye memori nyingi namna hiyo kila moja. Kwa 4GB zinataka kipande chenye chipu kumi na sita, nane kila upande. Kijana alikigeuza, akakitazama, akamwambia bosi kwa sauti ya chini, «Shikamoo boss, hiki si cha hii.» Bosi akamkaripia mbele za watu. Kilipoletwa chenye chipu kumi na sita, mashine ikawaka na kusoma 8GB kwenye BIOS, ile skrini ya mipangilio kabla ya Windows. Hakuna aliyeomba radhi, si kwangu wala kwa kijana. Na kwenye ile Windows ya biti 32, gigabaiti zote zilizoongezwa zilikuwa za kutazama tu.

Mkinunua RAM ya mtumba, angalieni na pengo la katikati. DDR2 na DDR3 za mezani zote zina pini 240 lakini pengo haliko mahali pamoja, ukilazimisha utavunja sloti. OptiPlex 760 inakula DDR2, 780 inakula DDR3, na kwa nje zinafanana sana, kwa hiyo soma namba, usisome sura. Na kabla hujaondoka dukani pimeni. Windows ina kipimo chake, andika mdsched kisha ikubalie izime na kuwaka. Ukibonyeza F1 unaweza kuchagua kile kirefu. Kizuri zaidi ni Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, iachwe usiku kucha siku ambayo umeme umetulia. Kosa moja tu jekundu ni kosa. Hapo chomoa vyote, pima kipande kimoja kimoja kwenye sloti ile ile, kisha kipande kisichoonyesha kosa kwenye kila sloti, ndipo utajua mgonjwa ni RAM au mazabodi. Pale dukani hawakupima chochote. Kipimo chao ni picha ya Windows kutokea.

Kuhusu bei, si wabaya, na kipande cha chipu kumi na sita wanacho, jambo ambalo si kila duka hapa mjini linaweza. Kwa hiyo kama unataka RAM tu na unaijua mashine yako, ingia, nunua, dai vipande vyako vya zamani, toka. Kwa kusafisha, muombe kijana. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimepanga kuishia, nyota tatu.

Lakini nilimuuliza yule kijana kama anaweza kunipigia ya biti 64, akaniambia bosi ana flashi moja tu ya Windows, na ndiyo hiyo ya 32, na wote pale wanaitumia hiyo. Kwa hiyo kila mashine ya Tabora yenye 4GB au zaidi inayopigwa Windows pale inatoka imekatwa memori, awe amepiga bosi au kijana. Nyota inabaki moja.