Rivyu: Blue Rose, baada ya miezi minane ya kuicheza hapa Amu (Lamu)

Watu kadhaa wameniuliza kama hii gemu inafaa kununua, nikaona niandike mara moja niwajibu wote. Tunacheza watano, Alhamisi usiku baada ya isha, kwenye wikio la nyumba ya mama mkubwa wangu, mtaa wa Mkomani. Kwa asiyejua, wikio ni kile chumba kinachovuka njia juu kikaunganisha nyumba mbili, punda wapita chini yako na wewe umekaa juu watupa dadu. Upande huu ni kwa mama mkubwa, upande wa pili ni kwa binti yake, hilo nitalirudia.

Gemu yenyewe ni ya kuigiza, kila mtu ana mhusika wake na mmoja anasimulia. Ilitoka mara ya kwanza 2005 kutoka kampuni ya Green Ronin, hii tunayocheza ni toleo la 2017. Sheria zake ni rahisi, dadu tatu za kawaida, hata za ludo zafaa, moja tu iwe na rangi yake, ukitupa mbili zikafanana basi ile ya rangi inakupa pointi za kufanya kitu cha ziada, yaani umpige adui na umsukume baharini kwa pamoja. Upande wa vita sina mengi ya kusema, ipo sawa, zipo gemu zilizo bora zaidi kwa vita.

Kilichonivuta ni nchi yake. Inaitwa Aldis, na kule mwanamume akimpenda mwanamume au mwanamke akimpenda mwanamke hakuna anayegeuza shingo, ndoa ya zaidi ya watu wawili pia si ajabu wakiwa wamekubaliana, na hayo yote yameandikwa kwenye maisha ya nchi kama bei ya samaki. Nimecheza gemu nyingine kabla. Dungeons & Dragons kwenye kitabu cha wachezaji cha 2014 ina aya ukurasa wa 121 inayokwambia jinsia ya mhusika wako na anayempenda ni juu yako wewe kuamua. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi sana, siwezi kukataa. Lakini aya ile yakuruhusu wewe mchezaji tu, ulimwengu wenyewe uko vile vile, mfalme anatafutia mwanawe mke, bwana anatafuta mrithi, na wewe na mpenzi wako mmekaa pembeni kama wageni waliokaribishwa harusini ambao hakuna anayewajua.

Blue Rose ilienda mbele zaidi na nafikiri najua kwa nini ilifaulu. Kule kiti cha enzi hakirithiwi. Mtawala anachaguliwa na kulungu wa dhahabu, tena kulungu huyo aja mwenyewe, hapangiwi na mtu, na wakubwa wa nchi nao hupimwa kwa fimbo ya waridi la buluu kabla ya kupewa cheo. Sasa fikiria, kama cheo hakipiti kwenye damu basi nani ana haja ya kukulazimisha umuoe fulani ili apatikane mtoto wa kukaa kitini? Historia ya masultani wa kisiwa cha Pate hapo ng'ambo imejaa ndugu waliogombana juu ya kiti, na kila ugomvi wa kiti una ndoa ya mtu ndani yake. Hawa waliondoa ugomvi kwenye mzizi, halafu mapenzi yakapata nafasi ya kupumua. Mtu anayetunga ulimwengu wake aanze hapo kwenye urithi, hayo mengine yatamfuata.

Jirani yao ni Jarzon, nchi inayotawaliwa na watu wa dini, kule ndoa ni ya mume na mke na anayetoka nje ya hapo ana hatari. Kwa mchezaji wa nje pengine hiyo ni hadithi tu. Sisi tuko Kenya, kifungu cha 162 cha sheria ya jinai, kile cha kuwafunga wanaopendana jinsia moja, kipo, miaka 14 jela, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Kwa hivyo msimulizi alipotupeleka Jarzon, kikao cha tatu hivi, mmoja wetu aligusa kadi. Hii kadi haikuja na gemu, ni kawaida iliyoanzishwa na mtunzi wa gemu aitwaye John Stavropoulos, waweka karatasi yenye X katikati ya meza na yeyote akiigusa tukio laachwa hapo hapo bila kuulizwa sababu. Msimulizi akasema haya, asubuhi imefika, jahazi lang'oa nanga. Tukasafiri. Hakuna aliyeuliza, mpaka leo. Kama wataka kuicheza gemu hii na kundi lako, ile karatasi iweke kabla ya dadu.

Sasa lawama yangu. Kitabu chajua sana mapenzi lakini nyumba sikuiona. Aliyenifungua macho ni mama mkubwa, yeye hutuletea kahawa na mahamri halafu huketi kidogo kusikiliza, akisikia ni hadithi basi yu radhi. Usiku mmoja tulikuwa kwenye nyumba ya familia moja huko Aldis, watu wazima watatu na watoto, akasikiliza weee, akauliza, "Nyumba ni ya nani hiyo?" Tukatazamana. Akaendelea, "Na hao watoto walala kwa nani? Mmoja akifa, nani atoka nani abaki?"

Nikafungua kitabu nikatafuta, sikupata cha kumjibu akashiba. Hapa kwetu mtoto wa kike huozwa na nyumba, mume ndiye ahamiaye, kwa hivyo baba akijenga ghorofa ya juu au akivuta wikio watu wajua mara moja kuna binti amekua. Familia kwetu yasomeka ukutani. Aldis wamesema yeyote aweza kumuoa yeyote halafu wakaishia mlangoni. Glorantha, ule ulimwengu aliotunga Greg Stafford unaochezwa kwa gemu ya RuneQuest, wamewapita mbali kwa hili, kule kuna ndoa ya watu walio sawa, kuna ndoa ya mwaka mmoja mkimaliza kila mtu na njia yake, na kuna Esrolia ambako mabibi ndio wenye neno la mwisho. Ukisoma wajua nani ahamia kwa nani. Natamani sana toleo lijalo la Blue Rose liandikwe na mtu wa namna hiyo.

Basi tukajaza wenyewe. Kuna mwenzetu mmoja, mtu mkimya mno, mhusika wake ni mwanamke mfua chuma na mke wake ni nahodha, wana mtoto wa kiume wa miaka sita. Kitabu kina maneno yake ya kubuni, wanaopendana jinsia moja wanaitwa caria daunen, yasikika vizuri na hayana tusi ndani, lakini mtoto hawezi kumuita mzazi wake hivyo. Na Kiswahili tulicho nacho mdomoni, maneno mengi ya jambo hili ni ya kutukana, tena kuna neno kama shoga ambalo mamangu alitumia maisha yake yote kwa rafiki yake wa kike kipenzi na sasa watu wanalirusha kama jiwe. Kikao kile nahodha karudi kutoka safari ndefu, msimulizi akaigiza mtoto, akakimbia mpaka mlangoni akapiga ukelele, "Mama, mama mdogo kaja!"

Yule mkimya akaweka dadu chini. Akasema, "Rudia." Msimulizi akarudia. Neno lilikuwapo siku zote, mama mkubwa, mama mdogo, mtoto wa kwetu hakuwa na mama mmoja tangu zamani.

Kingine cha kununulia gemu hii ni rhydan, wanyama wenye akili na sauti ya moyoni, nao ni raia kamili wa Aldis. Mmoja wetu ni paka, na Amu hilo halihitaji maelezo. Mwengine alitaka punda, tukatumia hesabu za farasi.

Nunueni pdf, itoshe. Alhamisi hii yule nahodha anamjengea mwanawe wa kulea, binti waliyemuokoa Jarzon, ghorofa ya juu, na mama mkubwa ameshauliza mara mbili kama itakuwa na madirisha ya upande wa bahari.