Viti vipya kwenye boti ya alumini: uzoefu wangu baada ya miezi kumi Tanga

Boti yangu ni ya alumini, ina urefu wa futi 14 na mashine ya nguvu za farasi 15, nami huitumia mwisho wa wiki kuvua kwa mshipi kati ya Raskazoni na kisiwa cha Ulenge. Nilipoinunua ilikuwa na mabenchi matatu ya bati la alumini, na juu ya mawili kati ya hayo mwenyewe wa awali alikuwa amefunga mbao zilizovikwa ngozi ya bandia. Mbao hizo zilikuwa zimeoza kiasi kwamba ukikaa unasikia maji yakitoka kwenye sponji, na mtu aliyewahi kumsubiri kolekole saa nne mfululizo juu ya ubao uliolowa atanielewa bila maelezo zaidi.

Viti vyenyewe niliagiza kutoka Dar es Salaam: viwili, vya kukunja, vyenye ganda la plastiki na mito ya kushonwa, kila kimoja kwa shilingi 180,000 pamoja na bamba la chini la kukizungusha. Kwa upande wa bidhaa sina lawama kubwa. Mishono haijafumuka, bawaba za mgongo hazijakaza, na ganda lina matundu ya kutoa maji chini, jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliangalii dukani. Kosa langu ni rangi. Nilichagua nyeupe ili visipate joto juani, nikasahau kwamba chambo changu ni ngisi, na wino wa ngisi ukishakauka kwenye mshono hautoki kwa sabuni wala kwa limau.

Tatizo lilikuwa kwenye ufungaji. Kwanza niliipeleka boti kwa karakana moja ya kuchomea mageti maeneo ya Ngamiani, ambako fundi aliitazama kwa dakika mbili akaniambia, "Kazi ndogo hii, bosi, jioni njoo uchukue." Kweli jioni ilikuwa tayari, na kwa macho ilipendeza. Alikuwa ametumia skrubu za kupaulia mabati, zile zenye mpira mweusi chini ya kichwa, akazipiga moja kwa moja kwenye bati la benchi bila bolti, bila nati, bila kitu chochote cha kushikilia upande wa chini.

Baada ya miezi mitatu ya kaskazi niliona michirizi ya kutu chini ya kiti cha mbele, na kuzunguka kila skrubu kulikuwa na unga mweupe kama chumvi, ambao ukiufuta kwa kidole unakuta bati limechimbika. Siku moja samaki alivuta, nikageuka kwa nguvu, na kiti kikang'oka pamoja nami. Nilijishika ukingoni, mshipi ukaenda na samaki wake.

Baadaye ndipo nilipoelewa kilichotokea. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi hupitisha umeme mdogo kati yao, na ile iliyo dhaifu zaidi katika jozi hiyo ndiyo inayoliwa. Mbele ya chuma, anayeliwa ni alumini. Zinki iliyopakwa kwenye skrubu za kupaulia husaidia kwa muda, lakini ikiisha, chuma kinabaki wazi na kazi ya kulila bati inaanza. Shaba ni mbaya zaidi, kwa hiyo skrubu za shaba nyeupe, na hata mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, hazifai kabisa kukaa juu ya alumini, ijapokuwa kwenye mashua ya mbao hazina neno.

Fundi wa pili nilielekezwa kwake Sahare, mzee aliyezoea kurekebisha boti. Baada ya shikamoo na marahaba nilimweleza kwamba yule wa kwanza alikuwa amenishauri nilikate benchi la katikati ili nisimamishe nguzo ya kiti. Mzee aligonga benchi kwa mpini wa bisibisi, likatoa sauti butu, akasema, "Usithubutu, mwanangu. Humu ndani mna povu, ndilo litakaloiweka boti juu siku ikijaa maji. Halafu hizi mbavu za pembeni zitashikwa na nini?" Kwa maneno hayo tu nilijua nimefika mahali pazuri.

Benchi la mbele liko wazi kwa chini, kwa hiyo huko alitoboa, akapitisha bolti za stenlesi namba 316 za milimita 8, akaweka kipande cha bamba la alumini upande wa chini ili mzigo usibebwe na tundu peke yake. Stenlesi nayo ni metali ngeni kwa alumini, hivyo kila bolti aliivika kipande cha mpira wa plastiki, akaweka washa ya nailoni juu na chini, na kila tundu akalijaza gundi ya boti kabla ya kukaza. Benchi la katikati, kwa sababu limezibwa kwa povu na mkono hauingii, alilifanyia njia nyingine ambayo mimi nisingeifikiria: alinunua ubao mnene wa plastiki, ule ule wa kukatia nyama buchani, akafunga kiti juu yake kwa bolti zilizozamishwa kutoka chini, kisha ubao huo akaufunga kwenye kingo za benchi zinazotokeza nje, ambako nati inafikika. Povu halikuguswa.

Malalamiko yangu kwake ni mawili. Alisema siku tatu, ikawa tisa, na katikati kulikuwa na harusi ambayo sikuambiwa mapema. Pia gharama ya ufundi ilifika shilingi 150,000 bila vifaa, zaidi ya mara mbili ya karakana ya kwanza, ingawa sioni kwamba alinipunja.

Jambo jingine ambalo muuzaji wa viti hakulitaja ni kimo. Bamba la kuzungusha pamoja na ganda vimeniinua kama sentimita 12 juu ya benchi, na katika boti nyepesi tofauti hiyo unaihisi mara moja. Wakati wa kusi, mawimbi yakija ubavuni, mimi na mwenzangu hushuka tukakaa chini kabisa, viti vikakunjwa. Anayefikiria kuweka viti vya nguzo ndefu kwenye boti ya futi 14 na ajaribu kwanza kukaa juu ya ndoo iliyowekwa kwenye benchi, boti ikiwa majini, penye kina kifupi.

Sasa ni miezi kumi tangu viti vinunuliwe na saba tangu mzee avifunge upya. Unga mweupe haujarudi. Mtikisiko wa mashine ulilegeza nati moja ya kiti cha mbele, hivyo kila mwezi napita na spana namba 13, na wiki iliyopita nilizibadilisha zote nne kwa zile zenye pete ya plastiki ndani. Matundu ya zamani ya skrubu bado yamezibwa kwa gundi tu, yanasubiri ribiti.