Mkuu wa teknolojia: benki ya mjini au kampuni changa ya Fumba?

Mpwa wangu kaniuliza aende wapi. Kaitwa kote kuwili: cheo cha mkuu wa teknolojia katika benki moja hapa mjini Unguja, na cheo hichohicho kwenye kampuni changa kule Fumba, kusini mwa mji. Jina moja, kazi mbili zisizofanana.

Benki, mkuu wa teknolojia kwanza ni mlinzi. Mfumo usilale siku ya mishahara. Wanaokumbuka giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme kutoka bara ulipoharibika na Unguja ikaishi kwa jenereta, wanajua kwamba nusu ya kazi hii ni dizeli, betri na nakala za data zilizowekwa nje ya kisiwa. (Mabosi hawayapendi mazungumzo hayo mpaka taa zizime.) Kila programu mpya hupita kwa bodi, wakaguzi na kanuni za Benki Kuu. Wazo la Januari likianza kazi Oktoba, umebahatika.

Fumba, ambako tangu 2022 mpango wa Silicon Zanzibar unavuta kampuni za teknolojia, wazo la asubuhi hujaribiwa jioni. Lakini huko mkuu ndiye fundi, ndiye mwajiri, ndiye anayemweleza mwekezaji fedha zimekwendaje. Zikikauka, na cheo kinakauka.

Mshahara? Benki, bila ya ubishi.

Kwa kijana wa miaka 29 asiye na watoto, ningesema Fumba, miaka mitatu. Wanaotoka huko kwenda benki nimewaona. Wanaoacha gari la ofisi kwenda Fumba, wachache mno.