Rangi ya bombe kwenye vyuma vya karavani kuukuu: inapofaa na inapodanganya

Nianze na hukumu: nimeridhika nusu. Rangi ya kopo la kupuliza, bombe tunavyoiita hapa Lubumbashi, imefanya kazi nzuri kwenye bawaba, mabano ya meza na vyuma vya kushikilia madirisha ya karavani yetu. Kwenye mkono wa mlango imeshindwa. Na lile kopo la rangi ya kromu lilikuwa pesa ya kutupa.

Karavani yenyewe ni Sprite ya miaka ya 1970, ile ya kuvutwa nyuma ya gari. Iliingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa zamani, ikazunguka kwa wenyewe mbalimbali hadi ikafika kwa baba mkwe, na sasa sisi ndio tunaoivuta hadi Mwadingusha watoto wakiwa likizo. Bodi yake ya alumini haina neno. Kilichochoka ni vitu vidogo: bawaba za makabati, vikomeo, mikono ya droo, mabano ya meza ya kukunja, miguu ya chini ya kuisimamisha isitikisike. Vingine vilikuwa na kutu, vingine vimebanduka nikeli, na vingine vilipakwa rangi ya mafuta na mtu aliyependa sana brashi lakini hakupenda kabisa kufungua skrubu.

Spea zake hapa hazipatikani, na vikomeo vya siku hizi matundu yake hayaangukii kwenye matundu ya zamani. Kumpelekea fundi rangi nako kuna mambo yake: anahitaji kompresa, kompresa inahitaji umeme, na kifuko chako cha bawaba kitawekwa nyuma ya mabampa ya wateja wakubwa. Bombe haihitaji waya wala foleni. Kijana mmoja anayenyoosha bodi za magari njia ya Kasapa alinitahadharisha hata hivyo: "Papa, bombe iko ya kudanganya macho tu. Fasi mukono inashika kila siku, itatoka." Alisema kweli, ila si kwa vyuma vyote.

Kitu cha kwanza kununua si rangi, ni sumaku. Ndani ya karavani ya umri huu metali zimechanganyika, na kila moja inataka matunzo yake. Sumaku ikinasa, hicho ni chuma: tafuta kutu. Isiponasa, una alumini, shaba ya njano, au ile aloi ya zinki ambayo mikono mingi ya milango na droo ilimiminwa nayo kabla ya kupakwa kromu. Na chuma chenyewe kinaweza kuwa kimechovywa zinki, kama ilivyokuwa miguu ya karavani yetu. Huko ndiko rangi ya mafuta ya yule bwana wa brashi ilikokuwa inatoka maganda kwa maganda. Sababu yake inajulikana: mafuta yaliyomo kwenye rangi ya namna hiyo hupambana na zinki polepole na kufanya utando wa sabuni chini ya rangi, kwa hiyo rangi inabaki haina inachoshikilia. Hata bombe nyingi za enameli zina mafuta ya namna hiyo. Juu ya zinki na alumini tanguliza praima (rangi ya chini ya kushikiza) yenye asidi, ile inayong'ata metali. Bila hiyo, weka pesa yako mfukoni.

Sasa maandalizi. Hapa ndipo siku zinapoishia, na maduka hayakuambii, kwa sababu anayeuza kopo anataka uamini kwamba kazi yote imo ndani ya kopo. Fungua kila kipande. Kipige picha kabla, maana bawaba za kushoto na za kulia hufanana hadi siku ya kuzirudisha. Osha mafuta ya jikoni kwa maji moto na sabuni, kisha futa kwa tina, kile kiyeyushi cha rangi. Makabati ya karavani yana moshi wa mapishi ya miaka 50 na rangi haikai juu ya mafuta. Kutu niliilowesha kwenye siki usiku kucha, nikaisugua kwa brashi ya waya. Watu wanasifu soda ya kola, na kweli ina asidi ya fosforasi, ila ni kidogo na inachukua muda mrefu. Siki ni rahisi na inafanya kazi vizuri. Baada ya asidi yoyote suuza kwa maji mengi na ukaushe papo hapo, la sivyo kutu changa ya rangi ya chungwa inarudi mbele ya macho yako. Nikeli na kromu iliyobaki nayo ichubue kwa msasa wa 320 au 400 hadi mng'ao ufe, kwa sababu rangi haishiki kitu laini. Skrubu nilizichomeka kwenye kipande cha katoni, vichwa juu, nikazipulizia zote kwa pamoja. Nilipoona jinsi zilivyotoka nilitamani kila kazi ya nyumbani iwe hivyo.

Nilijaribu makopo ya aina mbili, yote ya mililita 400, yote meusi yenye mng'ao mdogo. La rahisi nililinunua soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, mezani kwa muuzaji aliyeniapia kwamba "hii iko ya Afrika Kusini kabisa". Maandishi ya kopo hayakukubaliana naye. La pili lilitoka duka la vifaa vya ujenzi mjini, na bei yake ilikuwa karibu mara tatu. Tofauti inaonekana tangu mpulizo wa kwanza. La rahisi limejaa gesi, rangi yenyewe ni chache, na pua yake inatema matone. Bawaba moja ilihitaji kurudiwa na kurudiwa kabla weusi haujakamilika. La ghali linatoa ukungu mwembamba, na linafunika mapema. Ukihesabu vipande vilivyotoka katika kila kopo, la rahisi si rahisi kiasi hicho. Lakini niseme haki: mahali nilipolipatia nafasi juu ya praima nzuri, hata lile la rahisi bado limeshika.

Namna ya kupuliza imeandikwa kwenye kopo na inafaa kufuatwa: tikisa dakika nzima baada ya kusikia kigololi kikigonga, simama sentimita 25 hivi, pita haraka, anza kupuliza nje ya kipande na umalizie nje yake. Tabaka jembamba, tena jembamba. Maelezo ambayo watu huyaruka ni yale ya muda. Kopo langu la ghali lilisema urudie ndani ya saa moja au usubiri saa 48. Ukirudia katikati, viyeyusho vya tabaka jipya vinalilainisha lile la chini lililokauka nusu, na uso wote unajikunja kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Ukimaliza, geuza kopo kichwa chini upulize hadi itoke gesi tupu, pua isizibe.

Hali ya hewa ya hapa nayo ina sauti yake. Asubuhi za Juni na Julai ni baridi na gesi inasukuma kwa uvivu. Loweka kopo kwenye maji ya vuguvugu, si ya moto, na usilizidishe nyuzi 50 kamwe. Agosti upepo unaleta vumbi jekundu ambalo linapenda rangi mbichi kuliko kitu chochote, kwa hiyo mimi hupulizia ndani ya katoni kubwa iliyolazwa ubavu, mlango wa gereji ukiwa wazi. Mvua zikishaanza, unyevu unaweza kuipa rangi ukungu mweupe. Na yule anayechemsha bukari (ugali) kwenye mbabula, jiko la makaa, uani ahame kwanza au usubiri amalize, kwani gesi ya bombe kwa kawaida ni butani na propani, zinawaka.

Kuhusu kopo la kromu: mfuniko wake unang'aa kama kioo, lakini kinachotoka ni kijivu cha fedha, na kinaacha alama kwenye kidole hata baada ya kukauka. Nikakipaka vanishi ya kukikinga, kikafifia zaidi. Siwezi kumshauri mtu.

Mvua zote zimepita juu ya kazi hii. Bawaba ni nzima, isipokuwa kwenye pini, chuma kinaposagana na chuma, hapo rangi ilitoka wiki ya kwanza na ilikuwa haki yake kutoka. Ndimi za vikomeo usizipake kabisa: rangi inaongeza unene, na mlango wa kabati ukikataa kufunga, barabara ya Likasi itamwaga sahani zako zote. Miguu ya zinki haijabanduka. Mkono wa mlango, ambao watoto wanauning'inia, ulianza kuchubuka pembeni mapema sana. Niliukwangua wote nikakuta chini yake ni shaba ya njano safi. Katika mji uliojengwa juu ya shaba, tulikuwa tunaificha kwa rangi nyeusi! Nimeing'arisha kwa dawa ya kusugulia shaba na nimeiacha wazi. Ikififia, mke wangu anaifuta kwa kitambaa.

Kopo la ghali juu ya praima ya asidi: nyota nne. La sokoni: mbili na nusu, kwa vile visivyoguswa kama mabano ya ndani. La kromu: sifuri. Rangi iliyobaki naihifadhi kwa mikwaruzo ya bisibisi. Unapulizia kidogo kwenye mfuniko na kuigusisha kwa brashi ndogo ya mtoto wa shule.